Miti Myekundu ya Kwa Ngowa

Athman Umair ni fundi wa friji. Karakana yake iko Barani, Malindi, baina ya duka la unga na kinyozi, na mbele yake zimepangwa friji nane zilizokufa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua na hawatarudi. Mtu akimuuliza kwa nini haziuzi kwa watu wa vyuma vikuukuu, Athman humjibu kuwa friji ya mtu ni amana. Basi zimekaa. Kuku wa jirani wanatagia ndani ya moja, na Athman hawasumbui.

Kwa miaka kumi na saba mtu huyu alikuwa na kazi ya pili, isiyo na mshahara, nayo ni kuokoa watu. Alijiunga na chama cha misaada baada ya nyumba ya makuti ya jirani yake kushika moto na mtaa mzima kusimama kutoa ushauri. Athman alikuwa miongoni mwa watoa ushauri. Nyumba ilipokwisha kuteketea aliona haya, akaenda kujiandikisha. Huko alifundishwa kufunga majeraha, kuendesha boti ya mpira, kumpulizia pumzi mwanasesere wa plastiki asiye na miguu, na kuandika orodha. Katika hayo yote, alilolipenda zaidi ni orodha.

Mbali na dini yake alikuwa na itikadi moja, kwamba mtu akielezwa jambo vizuri, ataelewa. Aliipata kwenye friji. Mteja ukimwambia tu kuwa kompresa imekufa hugomba, lakini ukiifungua mbele yake, ukampa aishike na kuipima uzito, hutulia akaenda zake. Athman aliamini kuwa binadamu wote, kwa kiasi chao, ni wateja wa friji. Ni itikadi nzuri. Watu wenye elimu kubwa kuliko yake wameishi nayo mpaka uzeeni bila kudhurika, kwa sababu hawakutoka nje.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Kambi Masha, mkulima wa Kwa Ngowa, kijiji kilicho kando ya mto Sabaki upande wa bara, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki pakiwa pakavu. Mvua ikinyesha hakuna mwendo. Walijuana katika mafuriko ya nyuma, Athman alipofika na boti kumtoa Kambi juu ya paa la jikoni. Kambi alikuwa ameshika mbuzi wawili kwa kamba. Athman akamweleza, kwa utaratibu, kuwa boti ni ya watu.

"Basi mchukue huyu mweusi," Kambi akasema. "Ana utu kuliko wengi unaowajua."

Wakaondoka wote wanne. Mwezi uliofuata Kambi akajiunga na chama, na tangu hapo wakawa watani. Athman alimwita Bwana Mbuzi. Kambi alimwita Athman Mwarabu, ingawa babu wa Athman aliyetoka mbali kuliko wote alitoka Mambrui. Alimwita hivyo kwa sauti, mbele za watu, toka ng'ambo ya shamba, na kijiji kizima kikazoea kuwa yule mtu wa boti ni Mwarabu wa Kambi.

Miti ilikuwa fikira ya chama. Baada ya mafuriko yale ilionekana kuwa watu wa kando ya mto hawafi kwa kukosa boti, hufa kwa kukosa habari. Maji hutoka juu, bara huko, mvua ambayo wao hawakuiona, na hufika wakiwa wanapalilia. Kwa hiyo ikaamuliwa ipandwe miti kumi na miwili mikavu ya mvinje, kama nguzo, kuanzia ukingo wa mto mpaka mlango wa shule, ambayo iko juu. Minne ya chini itiwe rangi ya kijani vichwani, minne ya kati manjano, minne ya mwisho nyekundu. Maji yakifika kwenye kijani, angalia. Yakifika kwenye manjano, funga mizigo. Yakifika kwenye nyekundu, ondoka. Kambi atakuwa akiitazama asubuhi na jioni na kumpigia Athman simu.

Kambi alikuja karakana siku Athman alipokuwa akikoroga rangi. Akachuchumaa, akatazama mikebe mitatu, akanyosha kidole kwenye mmoja.

"Hiyo ibadilishe."

"Nyekundu ni hatari, bwana. Dunia nzima."

"Dunia nzima ndiyo. Kwetu nyekundu ni sava, wapima ardhi."

Athman alikijua kisa hicho, kama wote tunavyokijua. Miaka kumi na miwili nyuma walifika Kwa Ngowa watu wenye kofia na chombo cha miguu mitatu. Walipanda vijiti vyenye vichwa vyekundu, wakasema wanapima barabara, wakanywa madafu, wakaondoka. Baada ya nusu mwaka likaja tingatinga na askari na karatasi ya mahakama, na nyumba arobaini za upande wa juu zikalala chini kabla ya adhuhuri. Barabara haijaja mpaka leo. Watu wale walikuwa wakiishi hapo tangu babu za babu zao bila karatasi, na karatasi ilikuwa ikiishi Mombasa, ndani ya mtoto wa meza, bila watu. Tangu siku hiyo, Kwa Ngowa, mti wenye kichwa chekundu ni bikoni, alama ya mpaka, na bikoni ni tingatinga ambalo halijafika.

"Tia bluu," Kambi akasema. "Bluu hatuna ugomvi nayo."

"Bluu kitabuni haimo."

"Hicho kitabu kimeandikwa wapi?"

Athman akageuza jalada. Kitabu kilikuwa kimeandikwa katika nchi ambayo kila mtu ana hati ya nyumba yake. Akakirudisha mezani.

"Nitawaeleza," akasema.

Kambi akainuka, akajipangusa suruali. "Haya. Waeleze, Mwarabu."

Akawaeleza. Baraza lilifanyika darasani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Athman alileta beseni la maji na vijiti vidogo alivyovipaka rangi, akamwaga maji kidogo kidogo ili waone. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Walikuwa kimya, isipokuwa Mama Pola, mjane aliyelima mahindi na kunde sehemu ile ya mteremko ambapo mti wa kwanza mwekundu ungesimama.

"Huo mwekundu uko mlangoni kwangu," akasema. "Ndiyo kusema mimi ndiye mpaka?"

"Ndiyo kusema maji yakifika kwako, mama, kila mtu aondoke."

"Na mkishatuondoa, nani anabaki?"

"Hakuna anayebaki."

"Ahaa," Mama Pola akasema, akakaa. "Hapo ndipo nilipokuwa napataka."

Darasa zima likacheka. Athman naye akacheka. Jioni akaandika kwenye daftari lake: Wananchi wameelewa. Kambi, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alisoma neno hilo, akaenda kufunga mbuzi wake.

Miti ikakaa kiangazi chote. Mbuzi walijikuna migongo nayo. Masika yalipoanza, Kambi akawa anapiga simu kila asubuhi. Bado, Mwarabu. Bado. Kijani cha kwanza. Yamerudi.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa dakika mbili na sekunde kumi na moja, na juu yake WhatsApp ilikuwa imeandika kwamba umesambazwa mara nyingi, maneno ambayo wenye kampuni waliyaweka kama onyo na wasikilizaji huyachukua kama sifa. Msemaji alikuwa mwanamume mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alisalimia kwa dini zote mbili, adabu ambayo hata serikali huisahau. Akasema anasema kwa uchungu, hana faida. Akasema ardhi ya kando ya Sabaki kuanzia mtoni hadi barabarani imekwisha kununuliwa na tajiri, na kwamba tajiri huyo ameona kuwafukuza watu kwa tingatinga kunaleta kelele, sasa anawafukuza kwa maji. Miti yenye vichwa vyekundu ni mipaka. Kuna Mwarabu mmoja wa mjini, amejivika reflekta ya watu wa misaada, huyo ndiye mpimaji wake. Atakuja na boti, atasema mafuriko yanakuja. Ukipanda utaandikwa jina na utatia dole gumba. "Wazee wetu," sauti ikasema, na hapo ikatulia kidogo kama ya mtu anayemeza mate, "wazee wetu walitia dole gumba wakapewa sukari. Walipomaliza chai hawana shamba. Leo ni blanketi."

Lazima isemwe kuwa ni kazi ya fundi. Kama ujumbe ule ungekuwa uongo mtupu usingefika hata Takaungu. Ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake, karibu wote, isipokuwa ule mmoja uliohitajika.

Kambi alipiga simu Alhamisi saa mbili asubuhi.

"Miti imeng'olewa."

"Mingapi?"

"Mmoja wameukosa. Uko ndani ya michongoma."

"Nani ameng'oa?"

"Kijiji."

"Kijiji ndiyo nani, Kambi?"

"Mwarabu, nimemkuta hata mke wangu Sidi ana mmoja jikoni, anaupikia. Ugali unanuka rangi, na siwezi kusema neno, nami nina njaa."

Athman akasema atakuja kuwaeleza.

"Usije wewe," Kambi akasema. "Mtume mtu mwingine."

"Nani?"

"Yeyote asiyeitwa Athman."

Hilo lilimuuma, na kwa kuwa lilimuuma alilifanya utani, akamuuliza kama abadilishe jina au rangi. Kambi hakucheka. Akamwambia kuwa juzi vijana wa kijiji jirani wamechoma pikipiki ya msichana wa chama aliyekwenda kugawa dawa ya maji, na kwamba msichana mwenyewe alipona kwa sababu anajua kukimbia. Kutoka siku hiyo watu wa chama walianza kuvua reflekta na kuzitia mfukoni. Reflekta ilishonwa ili mtu aonekane kwa mbali, na ilikuwa ikifanya kazi yake.

Ijumaa habari zikafika kutoka juu kwamba mto umejaa kuliko mwaka ule wa mbuzi na maji yako njiani. Chama kilikuwa na boti mbili na madereva wawili. Wa pili alikuwa Matsangoni, kwenye matanga ya shemejiye, simu imezimwa kwa heshima. Kwa hiyo Jumamosi saa sita mchana aliyeshuka kwenye lori na kusukuma boti mpaka Kwa Ngowa, kwenye maji yaliyokwisha kufunika njia ya shule, alikuwa ni yule yule.

Kambi alimpokea akiwa ndani ya maji mpaka mapajani. Akatazama mfuko wa shati la Athman.

"Hicho kibati cha wino kiache kwenye lori."

"Bila dole gumba orodha haikubaliwi. Watu watafika kambini wanyimwe—"

"Kiache, bwana."

"Sitakitoa," Athman akasema. "Kitakaa mfukoni."

Alikuwa mkweli. Hilo ni muhimu kulijua.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye kiinuko mbele ya nyumba ya Mama Pola, labda sitini, na vyombo vyao vichache. Walikuwa wamefunga mizigo lakini si ya kuondoka, ila isilowe. Mwendesha pikipiki mmoja aitwaye Mangi alikuwa ameshika simu juu, akiupiga ule ujumbe kwa mara ambayo hakuna aliyeihesabu. Ulipokwisha, aliurudia.

Athman akawaamkia. Akaanza kueleza. Akasema juu ya mvua za bara, akasema juu ya saa zilizobaki. Nao walimsikiliza, maana watu wa kule wana adabu, na mgeni huachwa amalize.

"Umemaliza?" Mangi akauliza.

"Nimemaliza."

"Ile sauti imesema utasema hivyo hivyo. Hata mvua za bara imezitaja."

Kambi akaingia kati, akasema kwa Kigiriama, kwa muda mrefu, akiwataja watu mmoja mmoja kwa majina. Alimwambia Mangi kuwa mamaye mzazi alitolewa na boti hii hii mwaka ule, na mpaka leo shamba analo. Alimwambia Mama Pola kuwa yeye Kambi atabeba kuku wake wote begani. Watu wawili watatu wakacheka kidogo. Ndipo Mama Pola akajitwika kifurushi chake, akashuka kwenye kiinuko, akapita katikati yao wote, akaja mpaka botini. Aliweka mguu mmoja ndani.

"Haya," akasema. "Mimi mzee. Shamba nitakwenda nalo wapi. Niandikeni."

Na Athman akamwandika. Mwanamke yule alikuwa amesema ndiyo, na miaka kumi na saba ya kuandika ilikuwa ndani ya mikono. Mkono wa kushoto ulifungua daftari, wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoa kibati, ukakifungua, ukamnyoshea. Ndivyo ilivyofanywa kila mara, kwa kila mtu, na hakuna mara moja aliyoamua kuifanya. Wino ulikuwa wa zambarau.

Mama Pola alikitazama. Akautoa mguu wake botini, taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Si mnaona?" Mangi akasema. Hata hakupaza sauti.

Jiwe la kwanza lilipiga injini. La pili lilimpata Athman shingoni. Kisha panga mbili zikafika, moja ikakata mpira wa mafuta ya injini na nyingine, iliyokusudiwa daftari, ikapita juu ya mkono ulioshika daftari, chini kidogo ya kiwiko. Daftari likaanguka majini, na watu wanne wakalirukia zaidi kuliko walivyomrukia yeye. Huenda hilo ndilo lililomponya.

Kambi alisimama mbele ya boti, mikono ameitandaza.

"Mimi ndimi niliyemleta. Anzeni na mimi."

"Wewe umekatiwa ekari ngapi?" mtu akauliza nyuma. Kambi akageuka amwone ni nani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitambua sauti. Akainama, akaisukuma boti kwa bega mpaka kwenye maji marefu, Athman amelala ndani yake akivuja damu.

"Panda," Athman akasema. "Kambi, panda."

"Nikipanda na wewe ndiyo itakuwa kweli."

"Maji yanakuja."

"Ninajua. Nikibaki wataona sina nilichouza. Kesho nitawatoa kwa miguu, mmoja mmoja, wataniamini." Akamrushia kasia. "Nenda zako, Mwarabu."

Athman alipiga kasia kwa mkono mmoja mpaka kwenye lori.

Hospitalini walimshona nyuzi ishirini na sita na kumwambia kuwa vidole viwili huenda visirudi. Mkewe Shekha alikuja na uji na mashuka safi. Akakaa, akaulizia, akaambiwa habari yote, na jinsi alivyokuwa akiambiwa ndivyo alivyokuwa akinyamaza, mpaka Athman akamuuliza kama anaumwa.

"Baba Lubna," Shekha akasema. "Hiyo sauti. Inaanza kwa salamu nzuri, ya mtu mpole?"

"Sijaisikia vizuri hata mara moja. Nimeisikia kwa mbali, kwenye simu ya watu."

Akatoa simu yake. Ulikuwemo kwenye kundi la wanawake la kupangia harusi ya Mahira, mtoto wa dada yake, katikati ya picha za mapambo na mabishano ya biriani. Shekha mwenyewe ndiye aliyeutia humo, Jumatano saa saba mchana, na chini yake akaandika: Tahadhari jamani, tuwaombee watu wa huko. Kundi lilikuwa na wanawake tisini na wanne, na wengi wao walikuwa na kundi jingine.

"Sikuusikiliza mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa naunga mchuzi. Nilidhani ni Mwarabu kweli."

Athman alisikiliza dakika zote mbili na sekunde kumi na moja. Akaurudisha nyuma kidogo, pale pa sukari, akasikiliza tena. Kisha akamrudishia mkewe simu na kumwambia uji umepoa lakini atakunywa hivyo hivyo. Shekha akaufuta ule ujumbe mbele yake. Ulifutika kwenye simu ya Shekha.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi Kambi alipiga.

"Yamefika."

"Yamefika wapi?"

"Pale ulipopanda mti wa tisa. Ila mti wenyewe haupo, kwa hiyo nakisia."

"Watu wanasemaje?"

"Wamekubali." Nyuma yake zilisikika sauti nyingi na mlio mmoja mnene usiokatika. "Sasa hivi wamekubali wote. Mangi ameniuliza boti iko wapi. Pa kupita kwa miguu hapana tena. Leta boti."

Athman akapigia ofisi. Ofisini kulikuwa na kanuni, na ilikuwa kanuni nzuri, ambayo mtu yeyote mwenye akili angeipitisha: mfanyakazi akishambuliwa mahali, hakuna kurudi hapo mpaka usalama uthibitishwe kwa maandishi. Iliandikwa kuwalinda watu kama Athman. Wa kuthibitisha ni polisi. Polisi walisema wako tayari, lakini wao pia watafikaje bila boti. Boti ya kwanza haikuwa na mpira wa mafuta. Dereva wa ya pili alitoka Matsangoni saa nane, boti ikafika ukingoni saa kumi na moja ikingoja karatasi.

Kambi alipiga tena saa tisa alasiri. Alisema amewapandisha wengine wanne juu ya paa la shule na anamrudia Mama Pola. Alikuwa anahema. Athman akamwambia akae juu ya paa, boti iko njiani.

"Iko njia gani?" Kambi akauliza. Athman akataja njia, kwa utaratibu, kutoka Matsangoni. Kambi akasikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema.

Simu ya tatu haikupigwa. Boti ilifika Jumatatu asubuhi, ikawakuta hamsini na watatu juu ya paa la shule na ikawatoa wote. Walipanda bila kuulizwa jina. Sita hawakuwepo. Kambi alionekana siku ya tatu kwenye mikoko, karibu na mto unapoingia baharini. Mama Pola mpaka sasa hajaonekana.

Chama kilitoa taarifa ya kukanusha siku ya nne. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya Kiingereza, yenye muhuri, na ilisema kuwa madai yanayozunguka mitandaoni hayana msingi. Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe mwingine wa sauti, wa dakika moja na nusu. Wapo wasemao ni mtu yule yule na wapo wasemao huyu wa sasa ana kikohozi. Ulieleza kuwa Kambi Masha alikuwa karibu kufichua siri ya shamba, na kwamba Mwarabu alirudi Jumapili akamzamisha. Haukueleza ni kwa mkono upi.

Sidi, mjane wa Kambi, alimpigia Athman Ijumaa baada ya swala.

"Mkono vipi, shemeji?"

"Unapona. Mnazika lini?"

"Kesho, saa saba."

"Nitakuja na Shekha. Tutatangulia kufika, ili—"

"Usije, shemeji."

Athman akauliza kwa nini.

"Mimi najua," Sidi akasema. "Na wanangu wanajua. Lakini watu wanasema ukionekana, umekuja kuonyeshwa shamba. Mangi amesema kaburi likichimbwa nawe umesimama pale, ni kama tumekukabidhi ardhi. Wakikufanya kitu kwenye kaburi la Kambi, nitakaa vipi hapa? Mimi sina pengine."

"Mangi si alitolewa na boti?"

"Alitolewa. Ndiye aliyebeba jeneza kutoka barabarani."

"Wakielezwa, Sidi. Akipatikana mtu wa kule kule, anayeaminika, akawaeleza pole pole—"

"Aliyekuwa akieleza ndiye tunayemzika," Sidi akasema. Akamwombea mkono upone, akakata.

Jumamosi saa saba Athman alikuwa karakana. Alikuwa ameoga na kuvaa kanzu na kofia, maana siku ya mazishi ndivyo, na hakukuwa na kazi ambayo mkono ule ungeiweza. Akakaa kwenye kigoda, mlango wazi, mpaka saa tisa, wakati aliokisia kuwa udongo umekwisha kurudishwa na watu wananawa.

Ndipo akaja mteja, mtu wa mtaa wa pili, na friji ndogo juu ya mkokoteni. Akamkuta alivyovaa.

"Kuna msiba, fundi?"

"Upo."

"Pole sana. Wa nani?"

"Mtu wa bara. Kwa Ngowa."

"Lo," mteja akasema, akasogea karibu. "Si huko ndiko kwa yule Mwarabu anayezamisha watu? Hukuisikia ile sauti?"

Athman akaitazama friji juu ya mkokoteni. Ilikuwa ya kawaida, na ubovu wake ulionekana hata kwa mbali.

"Hukuisikia," mteja akasema, ameshatoa simu. "Nitakutumia sasa hivi. Nipe nambari yako."

Athman akampa nambari.